Nyangao na Marehemu Wasio na Majina



Wapendwa wasomaji, anayesafiri kutoka Mtama kwenda Masasi hupita Nyangao kwa dakika chache tu. Hukifahamu kijiji hicho kwa misioni yake na Hospitali ya Mtakatifu Walburga, kisha huendelea na safari yake. Ni wachache wanaokumbuka mambo mazito yaliyotendeka katika ardhi ile.

Wamisionari Wabenediktini waliweka makao yao Nyangao mwaka 1896. Mwezi Agosti 1905, Vita vya Majimaji vilipoenea kusini, misioni hiyo iliteketezwa kwa moto, naye Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha. Tarehe 14 ya mwezi huo huo, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne walikuwa wameuawa katika safari yao ya kutoka Kilwa kuelekea Liwale. Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipambana kwa siku kadhaa huko Mahiwa, jirani na Nyangao. Upande wa Uingereza peke yake ulihesabu watu wapatao 2,700 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea.

Majina ya sista, askofu na majenerali tunayo vitabuni. Je, wengine? Waliopigana Mahiwa, kwa pande zote mbili, wengi wao walikuwa Waafrika, wakiwemo wanajeshi kutoka Nigeria. Nyuma yao walikuwapo wapagazi waliobeba mizigo hadi wakaanguka. Nao waliopokea maji ya Kinjikitile walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Machoni pao misioni na boma vilikuwa kitu kimoja. Kusema hivyo si kuhalalisha mauaji, bali ni kuusema ukweli wote. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na mashamba, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa walifikia 300,000.

Watasema baadhi yenu, «Padre, kwa nini kufukua ya kale?» Nami nawajibu: kidonda kilichofunikwa kabla ya kusafishwa hakiponi. Damu ya Abeli ililia kutoka ardhini, na Mungu aliisikia bila kuuliza kwanza kama jina lake limechongwa kwenye jiwe.

Kwa hiyo naziomba jumuiya ndogo ndogo, makatekista na walimu wachukue daftari na kuwaendea wazee waliosimuliwa na babu na bibi zao. Waendeeni pia mashehe na majirani zetu Waislamu, maana marehemu hawa ni wetu sote. Andikeni majina ya watu, ya vijito, ya miti na ya makaburi, kabla wasimulizi hawajaondoka. Kisha Novemba, tunapowaombea marehemu, majina hayo nayo yasomwe kwa sauti.

Mungu awabariki.