Rais Achaguliwe na Wananchi, Si na Wajumbe

Ndugu wanachama, sisi wa Mwankoko, Singida, twasema wazi: Rais wa nchi hii achaguliwe na wananchi wenyewe, mtu mmoja kura moja. Hatutaki apitishwe mlango wa nyuma.

Twasema hivi kwa sababu wapo watu, tena wenye elimu, wanaonong'ona kwamba kura ya wananchi wote ni mzigo. Ati ni ghali. Ati huleta fujo. Ati mkulima wa alizeti hayajui mambo makubwa ya dola. Dawa yao ni wajumbe mia chache, au Bunge peke yake, wakae ukumbini wamchague Rais kwa niaba yetu. Maneno haya yamevaa nguo mpya, lakini sura yake tunaijua.

Wazee wetu waliiona sura hiyo mwaka 1958. Serikali ya mkoloni ilipokubali watu wachague wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, iliweka chujio. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo kinachotambuliwa. Aliyepenya chujio hilo akalazimishwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Mkulima wa jembe la mkono huku Unyaturu angezitoa wapi pauni 150? Hoja ya mkoloni ilikuwa ile ile: huyu hajui, tumchagulie.

Chujio lilipoondolewa, nchi haikuanguka. Tarehe 1 Novemba 1962 wananchi wa Tanganyika walimchagua Rais wao wa kwanza kwa kura zao wenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alipata kura 1,127,978, na Bwana Zuberi Mtemvu wa African National Congress alipata 21,276. Wapo wanaoicheka hesabu ya Mtemvu. Sisi hatuicheki. Watu wale elfu ishirini na moja walisema neno lao, likahesabiwa na likaandikwa. Katika ukumbi wa wajumbe wangekuwa sifuri.

Hata zama za chama kimoja, tangu 1965 hadi 1990, mgombea alipokuwa mmoja tu, alipelekwa kwa wananchi waseme Ndiyo au Hapana. Chama kilikuwa na nguvu zote, na bado hakikuthubutu kumaliza shauri hilo mkutanoni. Leo, penye vyama vingi, turudi nyuma ya hapo?

Anayetaka kujua hatari ya kuhesabu viti badala ya watu atazame Zanzibar. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi Party ilipata kura zipatazo asilimia 54, yaani zaidi ya nusu ya wapiga kura. Lakini viti ilipata 13 kati ya 31. ZNP na ZPPP, wenye kura chache, walipata viti 18 na serikali ikawa yao. Uhuru ulikuja Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 serikali hiyo ikapinduliwa. Hatusemi kwamba hesabu ya viti peke yake ndiyo iliyoleta Mapinduzi. Yalikuwapo mambo mengi mazito. Twasema kwamba serikali iliyokataliwa na wengi kwenye sanduku la kura ilisimama kwa mguu mmoja tangu siku ya kwanza.

Marekani nako wanao wajumbe 538 wa kumchagua Rais. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi mwenzake kwa kura zaidi ya laki tano za wananchi, akakosa urais. Mwaka 2016 Hillary Clinton alizidi kwa kura karibu milioni tatu, naye akakosa. Ikiwa taifa tajiri namna ile linavumilia jambo hilo, shauri lao. Sisi hatuna sababu ya kuliagiza.

Sasa tuwajibu hao mabwana hoja kwa hoja.

Wanasema ni ghali. Lakini siku ile ile twachagua mbunge na diwani. Gari linaloleta masanduku ya diwani hadi Mwankoko ndilo linaloleta ya Rais. Akiba yao iko wapi?

Wanasema wajumbe ni watu wenye busara, hawanunuliki. Tuulize: lipi rahisi, kuwahonga watu mia tano waliolala katika nyumba za wageni za mji mmoja, au kuwahonga mamilioni waliotawanyika kutoka Kigoma hadi Pemba?

Wanasema mikoa midogo itasahauliwa. Hofu hii ni ya kweli, nasi wa Singida tunaielewa. Lakini dawa yake si wajumbe. Kenya, katika Katiba yao ya 2010, wanamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na tena angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Hapo mgombea hana budi kuzunguka nchi, na mwananchi hakunyang'anywa kura yake.

Watatuuliza pia: je, vyama havipitishi wagombea wao kwa wajumbe? Ndiyo, vinapitisha. Mshenga hupeleka posa, lakini mshenga haoi. Chama hupendekeza, na taifa ndilo linalokubali au kukataa.

Lakini ndugu, tusilale. Kura ya wananchi inaweza kubaki jina tu. Hapo zamani Katiba yetu ilimtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura. Mwaka 2000 sharti hilo liliondolewa, na sasa anayeongoza tu anatosha, hata akikataliwa na wengi. Majirani zetu waliyaonja hayo mwaka 1992, Rais Moi aliposhinda kwa asilimia 36 hivi huku wapinzani wake wamegawana kura zilizobaki. Kadhalika ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza matokeo ya Rais yakishatangazwa. Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha iliamua mwaka 2020 kwamba kizuizi hicho kinavunja haki za watu. Kenya mahakama ilifuta matokeo ya Rais mwaka 2017, uchaguzi ukarudiwa, na Kenya ipo.

Basi madai yetu ni matatu. Kwanza, Rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja. Pili, ashinde kwa zaidi ya nusu ya kura, na asipofika, wawili wa mbele warudi kwetu. Tatu, mwenye malalamiko apewe mlango wa mahakama.

Kila tawi liyajadili haya katika mkutano wake ujao. Katibu ayaandike katika kumbukumbu na kuyapeleka wilayani, ili siku mjadala wa Katiba utakapofunguliwa tena, asiwepo wa kusema kwamba wananchi wa vijijini walikaa kimya.