Pesa za Muhula Zigawanywe Siku Zinapoingia

Pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, zikiingia, mtaa wa Nyamage hapa Kisii huchangamka. Vibanda vya chipo hujaa hadi usiku, bodaboda hazikosi abiria, na viatu vipya huonekana darasani. Wiki ya sita ikifika, baadhi ya wanafunzi hao hao wa Chuo Kikuu cha Kisii wanabisha kwa jirani kuomba unga. Ya kumi ikifika, mwenye nyumba amefunga mlango kwa kufuli yake. Muhula unaofuata huwa vivyo hivyo.

Sababu tumezisikia zote. Pesa ni kidogo. HELB imechelewa. Bei zimepanda. Kila moja ina ukweli, lakini hakuna hata moja inayoeleza kwa nini pesa za miezi minne ziliwe kwa wiki tano. Zimeliwa kwa sababu siku zilipoingia hakuna aliyechukua kalamu akazigawanya.

Basi tuzigawanye hapa. Chini ya mpango wa ufadhili ulioanza 2023, mkopo wa kujikimu ni kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka, kulingana na kundi ambalo mwanafunzi amewekwa, na hutolewa kwa mihula miwili. Mwenye kiwango cha juu kabisa anapata 30,000 kwa muhula. Tuseme chumba chake ni 3,500 kwa mwezi na muhula ni miezi minne. Kodi peke yake ni 14,000. Zinabaki 16,000, na wiki ni 16. Kwa hiyo ana shilingi 1,000 kwa wiki ya kula, kusafiri, kununua bando, sabuni, fotokopi na tokeni za umeme.

Mwenye kiwango cha chini anapata 20,000. Akilipa kodi hiyo hiyo, zinabaki 6,000, yaani 375 kwa wiki. Huyo amewekwa katika kundi hilo kwa sababu serikali inaamini jamaa zake wanaweza kumwongezea. Kama wanaweza, waketi naye kabla ya muhula kuanza na waseme ni kiasi gani na kitafika siku gani. Kama hawawezi, akate rufaa mapema, asingoje njaa imfundishe.

Shilingi 1,000 kwa wiki ni kama 143 kwa siku. Hizo ni kidogo, hatubishi. Lakini muulize mwanafunzi yeyote HELB ilimpa ngapi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize zile ni ngapi kwa wiki, atakutazama. Aliyeona 30,000 kwenye simu anajihesabu tajiri kwa siku kumi. Aliyeona 1,000 ya wiki hii anajua hawezi kununua viatu. Pesa ni zile zile, ila mmoja ameziona kama zilivyo na mwenzake ameziona kama anavyotaka ziwe.

Hakuna mama Gusii nzima anayepika gunia lote la mahindi siku linapoingia nyumbani. Anajua ni la hadi msimu ujao, na anachota kwa gorogoro. Mtoto wake aliyefika chuo kikuu ameliona hilo tangu azaliwe. Hatuna la kumfundisha hapo, tunamkumbusha tu.

Sasa tuseme chakula, maana ndicho kinachokula pesa. Ukila kibandani mara mbili kwa siku, kila mlo shilingi 100, ni 1,400 kwa wiki. Umeshapita kiwango chako kabla ya kununua kipande cha sabuni. Kupika, basi, si suala la anayependa na asiyependa. Hesabu imeshaamua.

Tena tuko Kisii. Ni wachache nchini wanaosoma mahali palipobarikiwa chakula kama hapa. Shuka soko la Daraja Mbili uone: ndizi za kupika kwa mikungu, avokado, viazi vitamu, maharagwe, mboga za chinsaga na managu, na omena waliotoka ziwani, ambako si mbali. Nenda jioni, mama anapotaka kufunga na kwenda nyumbani, na bei itakusikiliza. Nunua mara moja kwa wiki ukiwa na orodha mkononi. Anayenunua nyanya mbili na kitunguu kimoja kila jioni karibu na geti la chuo anamlipa muuzaji kwa kumsogezea soko.

Wengi pia wametoka karibu. Wa Ogembo, Keroka, Suneka au Nyamira ana mahindi nyumbani na nauli yake ni ndogo. Debe moja la mahindi likisagwa linaondoa unga kwenye bajeti kwa wiki kadhaa. Lakini kuna wanaoona aibu kushuka matatu na debe mbele ya wenzao, halafu hawaoni aibu kukopa unga wiki ya sita. Aibu hiyo imewekwa mahali pasipofaa.

Wawili wakipika pamoja, mtungi mmoja wa gesi unatosha mahali pa miwili, na chakula hakilali hadi kioze. Wanne wakichanga kila Jumatatu, mmoja anakwenda sokoni na wengine wanasoma. Jambo hili halihitaji mkutano wala katiba. Linahitaji watu wanaolipa mchango wao siku iliyopangwa na zamu inayoheshimiwa.

Halafu kuna pesa zinazovuja bila mtu kuzisikia. Kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa, kiasi chochote kati ya 101 na 2,500, ni shilingi 29. Anayetoa 200 mara tano kwa wiki amelipa 145. Anayetoa 1,000 mara moja amelipa 29. Tofauti ni 116 kila wiki, na kwa wiki 16 ni 1,856. Hizo ni karibu wiki mbili za matumizi alizomwachia wakala kwa sababu ya uvivu wa kupanga.

Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, ni vivyo hivyo. Imekuwapo tangu 2019, na imemsaidia mtu aliyekwama kwa siku moja. Lakini ina ada ya kuifungua na ada inayoongezeka kila siku unapochelewa, na pesa ikiingia inajilipa kwanza kabla hujaigusa. Anayeishi kwa Fuliza analipia chakula alichokula wiki iliyopita. Na kuhusu kubeti, tusizungushe maneno: mkopo wa kujikimu haujawahi kuwa mtaji wa kubahatisha. Aliyeweka pesa ya wiki nne kwenye mchezo mmoja hakukosa bahati. Alicheza na chakula chake.

Watu husahau pia kwamba pesa hizi zinarudishwa. HELB iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1995 kukopesha na kukusanya. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na asiyelipa baada ya kuhitimu anatozwa faini ya 5,000 kila mwezi. Chipo za wiki ya kwanza zitalipiwa kwenye mshahara wa kwanza, kama mshahara utapatikana. Mtu akijua hivyo, atazishika pesa hizo kama mali ya mwenyewe, maana ni zake.

Dawa tunayoisema kila mtu anaijua, na haichukui saa nzima. Siku pesa zinapoingia, kabla ya kumpigia rafiki simu, lipa kodi ya muhula mzima, au angalau ya miezi miwili, na uchukue risiti. Kama una mdogo wako nyumbani unayemsaidia, mtolee sehemu yake hapo hapo, useme ndiyo hiyo kwa muhula huu. Wengi wana mzigo huo na ni wa heshima, lakini usipouandika mwanzoni utautoa kwenye ugali wa wiki ya nane. Tenga kidogo kwa ugonjwa na kwa wiki za mitihani. Kilichobaki kigawanye kwa idadi ya wiki, uandike namba hiyo ukutani.

Baada ya hapo ziweke pesa mbali na kidole chako. Akaunti za kufunga akiba zipo kwenye simu na benki. Kama huziamini, au hujiamini, mpe mama, dada au kaka anayesema hapana bila kigugumizi, akutumie kila Jumatatu. Zikiisha Ijumaa, utakula ulichonacho hadi Jumatatu. Siku tatu za ugali na managu hazijamuua mtu. Wiki sita za kukopa zimewatoa watu chuoni.

Wazazi nao wasikae pembeni. Kuna mzazi anayetuma 4,000 tarehe moja, halafu anashangaa kupigiwa simu tarehe kumi. Mzazi huyo huyo, kama ana majani ya chai kule Nyansiongo au Kebirigo, anaijua shida ya pesa za mkupuo kuliko mtu yeyote. Bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka, na kila kijiji kina mtu ambaye bonasi yake haikufika Krismasi. Kama sisi watu wazima zinatushinda, kwa nini tunamtwika kijana wa miaka 19 jaribu hilo hilo kila muhula?

Mzazi, tuma kila wiki. Usiseme ada ni kubwa, kwa sababu kutuma 1,000 ni shilingi 13, na mara nne ni 52, wakati kutuma 4,000 kwa mara moja ni 57. Mwanafunzi kutoa mara nne kutamgharimu 116 badala ya 69, kweli. Shilingi 47 hizo kwa mwezi ni rahisi kuliko simu ya dharura tarehe kumi.

HELB na serikali hatuwaachi. Mwanafunzi hawezi kugawanya pesa ambazo hazijafika. Zinapokuja muhula ukiwa katikati, zinakuta madeni ya kodi na ya duka, na siku hiyo hiyo zinakwisha. Kulalamika kuhusu wanafunzi wasiojua bajeti huku pesa zao zinachelewa ni kumlaumu mtu kwa kulowa wakati wewe ndiye uliyemnyang'anya mwavuli. Zitoke muhula unapoanza, kwa tarehe inayojulikana. Na kwa kuwa zinaweza kutumwa moja kwa moja kwenye simu ya mwanafunzi, hakuna linalozuia kumpa nafasi ya kuchagua: sehemu ya kodi mwanzoni, na iliyobaki kila mwezi. Anayetaka zote kwa mkupuo apewe. Tunaamini wengi wangechagua mafungu kama wangeulizwa.

Vyuo pia vina deni. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma alilala na kula kwa fedha za serikali. Mageuzi ya kugawana gharama yakaja, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaambiwa ajilipie chakula. Kijana aliyetoka bweni la sekondari, ambako kengele ilimwita kula, akageuzwa mpishi na mweka hazina wa maisha yake, na hakuna aliyekaa naye kumwonyesha. Zaidi ya miaka 30 baadaye, bado hatujamwonyesha. Wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya ina hotuba nyingi. Ipunguzwe moja, na saa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa nne asimame mbele yao na karatasi, awaonyeshe anavyoishi Nyamage kwa 1,000 kwa wiki: ananunua nini, wapi, siku gani. Chuo Kikuu cha Kisii kinaweza kuanza Septemba. Kisii National Polytechnic pia. Jambo hili halina gharama yoyote.

Wapo watakaosema hesabu hizi zinaonyesha tu kwamba mkopo hautoshi. Tunakubali, na uongezwe. Mwanafunzi anayeishi kwa 143 kwa siku haishi maisha ya anasa, na atakayedai nyongeza kwa niaba yake atatukuta upande wake. Lakini nyongeza hiyo ikija kesho na igawanywe kama zinavyogawanywa hizi, itakwisha wiki ya saba badala ya ya tano. Na anayekwenda kudai akiwa na karatasi inayoonyesha kila shilingi ya wiki 16 ni mgumu kupuuzwa kuliko anayesema tu kwamba pesa hazitoshi.

Kwa hiyo, ewe unayesubiri ujumbe wa HELB, usingoje uingie. Chukua daftari leo, andika kodi, andika idadi ya wiki, toa na ugawanye. Ujue namba yako kabla pesa hazijaingia, kwa sababu zikishaingia kila mtu atakuwa na mipango nazo, na wa kwanza ni wewe mwenyewe.