Kisu changu ni cha maembe, taa ni kazi yenu

Haya jamani, nimerudi. Najua nimewatupa tangu bumu litoke, kuna waliodhani nimeolewa. Sijaolewa! Nilikuwa najiandaa na fildi, nakata maboksi ya kutengenezea zana za kufundishia mpaka vidole vimeota sugu. Leo naandika na hasira kidogo, mnisamehe nikirukaruka.

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha hosteli. Wadada tukaeleza, kwa mara ya tatu muhula huu, kwamba njia ya kutoka maktaba ina giza, taa nne zimekufa, na ukimaliza kusoma saa 4 usiku unatembea roho mkononi. Akasimama kiongozi wetu mmoja, kaka mheshimiwa kabisa, akasema wakati suala letu linashughulikiwa wadada tujilinde, tubebe hata visu. Kisha akaninyooshea kidole mimi: "Mbona huyu dada anacho, kila siku tunamwona nacho!" Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Kikao kikafungwa kwa sala, taa zikabaki vilevile.

Kha! Yaani kisu changu kimegeuzwa jibu la hoja.

Ni kweli ninacho, na wala sikificho. Nilianza kubeba baada ya fildi ya mwaka jana. Kijana wa kidato cha kwanza alikuwa anachonga penseli kwa nusu wembe, ukamteleza, damu ikajaa kwenye daftari la Bailojia. Nikajisemea, mimi mwalimu mtarajiwa natembea na kalamu sita na chaki lakini sina kitu cha maana cha kuchongea penseli. Tuache wembe jamani. Wembe hauna mpini, unashika makali huku na makali kule.

Kosa la kwanza nililofanya nadhani wengi mmelifanya. Nilinunua kwa machinga lile dubwana lenye zana kumi na moja, msumeno, koleo, sijui dira, na kimkoba chake cha kuvaa mkanda. Nikalipima kwenye mizani ya maabara ya Kemia (msiniseme): gramu 187! Sasa nyie niambieni, sketi ipi itabeba hiyo? Magauni yetu yenyewe hayana mifuko. Siku tatu nikalibeba kwenye begi, siku ya nne likaingia uvunguni, na liko huko mpaka leo na msumeno wake. Springi ya makali ilishalegea kabla ya wiki kuisha. Kisu usichokuwa nacho siku embe limeiva hakina tofauti na kisu usicho nacho kabisa, hata kiwe na dira.

Halafu kuna jambo ambalo wauza visu hawasemi, nalo ni unene wa bapa lenyewe. Kaka mmoja wa uhandisi hapa jirani ana kisu cheusi cha kutisha, mgongo wake una kama milimita 4. Alikuja kujigamba nacho tukiwa tunakata karoti za pilau. Karoti haikukatwa, ilipasuka kama kuni! Bapa nene ni kabari, linasukuma pande mbili kabla makali hayajamaliza kazi. Bapa jembamba linapita tu. Tikiti maji, nyanya, embe dodo, boksi, uzi wa pindo la sketi, vyote vinataka bapa jembamba. Kile cha kaka kinafaa kupigia picha.

Ninachobeba sasa alinipa mjomba. Anaendesha watalii Arusha, mgeni akamwachia kama ahsante. Ni Victorinox ya Uswisi, ile yenye mpini wa alumini, nyembamba. Ikikunjwa ni sentimita 8.4, makali yenyewe ni sentimita 6 na kidogo, na kwenye mizani ileile ilisoma gramu 46. Ina kifungulia kopo, kifungulia soda na tupa ya kucha, basi. Inakaa kwenye kikoba cha kalamu, na nikiwa hosteli naifunga kwenye pindo la khanga na nasahau kama ipo. Kampuni hiyo ilianzishwa na Karl Elsener mwaka 1884, na jina lake limetokana na Victoria, mama yake, na inox, yaani chuma kisichoshika kutu. Hilo la kutu kwetu si dogo, maana maji ya embe na ndimu hayana huruma na chuma cha kawaida. Makali yakififia napitisha kwenye kitako cha kikombe, ile duara isiyong'arishwa. Bei ya kunoa ni sifuri.

Rumeti wangu yeye ana Opinel namba 8 ya Ufaransa, mpini wa mti, nayo haizidi sana gramu 45. Kwa wepesi tumelingana, na makali yake ni marefu, kwenye mkate ananishinda. Lakini mpini wake ni wa duara, umevimba kama muhogo, ukiuweka mfukoni kila mtu anajua. Wepesi peke yake hautoshi, lazima na ubapa uwepo. (Tumegombania hili mpaka chai ikapoa. Yeye anasema ya kwangu haina roho.)

Ila Opinel ina pete ya chuma shingoni, imewekwa tangu 1955, unaizungusha makali yasijikunje. Ya kwangu haina kufuli ya namna hiyo. Makali yanashikiliwa na springi tu. Kwa kukata kuelekea chini haina shida yoyote. Lakini ukichoma nayo kitu kigumu, inajikunja, na vidole vinavyokatwa ni vyako!

Sasa nakurudia, kaka yangu mheshimiwa. Umesimama mbele ya wadada 80 ukawaambia silaha yao ni hii? Nimelowa jasho giza nene, natafuta kisu kwenye kikoba cha kalamu, nakifungua kwa kucha, kisha nimkabili mtu mwenye nguvu mara mbili yangu kwa kitu kitakachonikata mimi kwanza? Na hata angekuwa na lile jeusi la kaka wa uhandisi, dada ambaye hajawahi kushikana na mtu anamletea mshambuliaji kisu mkononi. Uingereza sheria yao ya 1988 inaruhusu mtu kutembea bila kuulizwa sababu na kisu cha kukunja kisichojifunga, makali yasizidi inchi 3. Kile cha kujifunga lazima uwe na sababu ya msingi. Maana yake watunga sheria wa huko waliona tofauti kati ya kifaa na silaha, tofauti ambayo kikao chetu kizima hakikuiona.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mkishaiita silaha, kesho mlinzi wa getini ataniuliza nakwenda kumchoma nani. Visu vya Okapi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, na sisi tulikuwamo. Vilikuwa vya bei ndogo, vya mtu wa kawaida. Leo mtaje Okapi mbele ya watu uone sura zao, wote wanawaza vibaka. Sitaki kikoba changu cha kalamu kifike huko kwa sababu ya mtu aliyeshindwa kufuatilia balbu nne.

Balbu nne! Wala hatujaomba helikopta.

Basi niwaache, kesho saa 2 asubuhi nina mtihani na kisu kitabaki chumbani kama kawaida. Barua ya taa imebandikwa mlangoni kwetu, mpaka jana usiku ilikuwa na sahihi 63. Wakaka nao wanaruhusiwa kusaini. Kalamu imefungwa kwa kamba pembeni, tafadhali msiikate.