Alichotuachia mwenzetu katika daftari

Bibi Aisha (R.A.) amesimulia namna Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akimkumbuka Bibi Khadija (R.A.) hata baada ya miaka mingi kupita tangu kufariki kwake. Alikuwa akichinja mbuzi, kisha akiwapelekea nyama wanawake waliokuwa marafiki wa Khadija. Hapo tunajifunza kwamba kumkumbuka marehemu hakuishii kwenye machozi na sifa. Hudhihirika katika wema tunaouendeleza kwa watu aliowapenda na katika mambo tunayoyachukua kwake.

Juma hili tunamkumbuka mwenzetu tuliyesoma naye sekondari mjini Tanga, ambaye Allah (S.W.) amemchukua hivi karibuni. Jina lake tunalisitiri kwa kuwa ndivyo jamaa zake walivyopenda. Alikuwa mfanyabiashara, na alikuwa bibi wa wajukuu. Katika mambo yote mawili ametuachia funzo ambalo familia nyingi za Kiislamu zinalihitaji.

Tulimaliza masomo miaka ya mwanzo ya 1980, wakati sabuni, sukari na nguo vilikuwa adimu, na foleni ilikuwa sehemu ya maisha. Darasani hakuwa wa kwanza, lakini katika hesabu hakuna aliyemshinda. Tulipochanga senti za maandazi, yeye ndiye aliyekabidhiwa, na hakuna siku hesabu ilipotea. Biashara zilipoanza kulegezwa kuanzia mwaka 1984, alikuwa ameolewa karibuni. Alichukua mahari yake, ambayo kisheria ni mali ya mke na si ya mume wala ya wazazi, akanunua doti chache za khanga. Akazizungusha Ngamiani nyumba kwa nyumba. Mume wake, Allah amrehemu naye, hakuligusa fungu hilo hata siku moja. Baadaye wafanyabiashara wakubwa walimwamini wakampa mzigo kwa mali kauli, na chumba kimoja cha barazani kikageuka duka.

Siri ya duka lile ilikuwa daftari. Kila mzigo aliouchukua aliuandika, na kila doti aliyoikopesha aliiandika pia: tarehe, bei, kilicholipwa na kilichobaki. Wapo waliomcheka, wakisema anawaandikia hata jirani zake wa mlango kwa mlango. Akiwajibu kwa upole kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Surat al-Baqarah, imekuja kufundisha uandishi wa deni. Kwa nini basi tuone haya kuandikiana?

Bei yake ilikuwa moja, iliyokubaliwa siku ya kuchukua. Mteja akichelewa, haikuongezeka hata shilingi, kwani nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni riba. Katika miaka hii ambapo mikopo iitwayo kausha damu imevunja nyumba za wanawake wengi, wapo waliokuwa wakipita kwake kupumua. Aliyethibitika kuwa hana, alimpa muda. Na aliyezidi kuelemewa, alimfutia. Mstari ulikatwa kwa wino, na pembeni akaandika: amesamehewa.

Ulipomfika msiba wa kufiwa na mwanawe mkubwa, umri wake ulikuwa umepindukia miaka hamsini. Kijana yule aliacha watoto watatu, na mama yao hakuwa na uwezo wa kuwalea peke yake. Mwenzetu aliwachukua. Nyuma ya meza ya duka pakatandikwa jamvi, na hapo ndipo wajukuu walipofanya kazi zao za shule baada ya kutoka madrasa. Mteja aliyefika wakati bibi anawasikiliza juzuu yao alisubiri, hata akiwa amekuja kununua kwa fedha taslimu. Mjukuu mkubwa, binti, alifundishwa kulisoma daftari na kujumlisha safu zake kabla hajafundishwa kupokea fedha.

Wengi wetu tungedhani mapenzi hayo yametosha. Yeye, kwa tabia yake ya hesabu, aliuliza swali ambalo wengi hatulithubutu: nikiondoka, hawa watapata nini? Alikwenda kwa mwanachuoni akalieleza. Jibu lilikuwa zito. Alikuwa na watoto wengine watatu walio hai, wa kiume wawili na wa kike mmoja. Katika elimu ya mirathi, mtoto wa kiume aliye hai huwazuia watoto wa ndugu yake aliyetangulia. Kwa hiyo mayatima wale aliowalea, aliowalisha na kuwasomesha, wasingekuwa na fungu hata moja katika mirathi yake. Mapenzi hayabadilishi mafungu.

Lakini sheria iliyofunga mlango huo imefungua mwingine, nao ni wasia. Mwenye mali anaweza kumuusia asiye mrithi wake kwa kiasi kisichozidi theluthi. Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua na kutaka kutoa zaidi ya hapo, Mtume (S.A.W.) alimwekea mpaka wa theluthi, na akamweleza kuwa hata hiyo ni nyingi. Misri, kwa sheria yake ya mwaka 1946, iliweka wasia wa lazima kwa wajukuu wa namna hii. Kwetu, mlango huu hufunguliwa na mwenye mali mwenyewe, angali hai na akili zake timamu.

Mwenzetu aliufungua. Aliusia vyumba viwili vya uani viwe vya wajukuu wale watatu, baada ya kuhakikisha kwamba thamani yake haifikii theluthi. Wasia uliandikwa, ukashuhudiwa na watu wawili waadilifu. Kisha aliwaita wanawe, akausoma mbele yao akiwa mzima, ili asije mtu kusema maneno ya mgonjwa.

Alipofariki, mambo yalikwenda kwa utaratibu wake: maziko, madeni, wasia, kisha mirathi. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo alipiga simu akasema, kwa kusitasita, kwamba kuna marobota mawili hayajalipwa. Binti akafungua daftari na kuukuta mstari huo, kiasi kilekile bila tofauti. Deni likalipwa kabla ya yeyote kugusa mali. Wasia uliposomwa, jamaa mmoja alinong'ona kwamba vipi watoto wapate ilhali ami zao wapo. Waliomjibu ni ami zao wenyewe. Walisema: mama alitwambia, na tuliridhia. Minong'ono ikaishia hapo, na udugu ukabaki.

Ndugu msomaji, hebu tulinganishe na misiba tunayoijua. Ni mara ngapi arubaini haijafika na ndugu wameshaitana barazani kwa hakimu? Mara nyingi chanzo si uchoyo peke yake, bali ni kutoandika. Hakuna ajuaye nani anadai wala nini kimeusiwa, na kila mmoja ana kauli ya marehemu anayoijua yeye pekee.

Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Basi usiku wa leo, baba na mama wakae na daftari. Waandike wanachodaiwa na wanachodai. Wakiwa na wajukuu mayatima, au mtoto wanayemlea asiyekuwa mrithi, wamwendee mwanachuoni waulize kabla ya kuandika. Kisha wawaite warithi na kuwasomea.

Sisi tuliosoma naye tumekubaliana kupokezana kwenda Ngamiani kila mwezi, kuwajulia hali wajukuu wale watatu na kuwasikiliza juzuu yao. Ni kidogo mbele ya aliyoyafanya, lakini ndiyo zawadi tunayoamini angeipokea kwa furaha. Tunamuomba Allah (S.W.) amghufirie, aipanue kaburi yake, amkutanishe na mwanawe katika Pepo, na awafanye wajukuu wake kuwa watoto wema wenye kumuombea. Amin.