Utii Unaopimwa Mezani pa Kazi



Tunapozungumza juu ya uaminifu kwa Mungu wakati wa dhiki, mawazo yetu hukimbilia kwa wafiadini wa kale, mbele ya simba na moto. Ni vema kuwakumbuka. Lakini upo upande mmoja wa hatari: twaweza kuwaweka mbali mno nasi, tukajihesabu tumesalimika kwa kuwa hakuna mfalme anayetudai tuikane imani.

Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta mjini Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mlei mmoja wa Goma, mashariki mwa Kongo: Floribert Bwana Chui Bin Kositi. Alizaliwa mwaka 1981, akasomea sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Nje ya kazi aliwahudumia watoto wa mitaani pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio. Mwaka 2007 alipewa hongo ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite mpakani na kuuzwa. Alikataa. Hongo ikaongezwa, akakataa tena. Tarehe 7 Julai alitekwa nyara, na siku mbili baadaye maiti yake ilionekana, ikiwa na alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Tuzingatie jambo hili. Hakuna aliyemwambia amkane Kristo. Aliombwa afumbe macho, basi. Hata hivyo, Novemba 2024 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha kwamba kifo chake kilitokana na chuki dhidi ya imani. Maana yake ni nzito kwetu sisi tunaopenda kuitenga sakramenti na ofisi: kukataa kuwalisha maskini sumu ni kuungama imani. Yeye mwenyewe alikwisha kulitambua hilo, kwani alieleza kwamba fedha zile zingekwisha upesi, bali wale ambao wangekula chakula kile wangepatwa na nini?

Danieli naye, kabla ya tundu la simba, alikuwa mtumishi wa serikali. Sura ya 6 ya kitabu chake yasimulia kuwa wenzake waliupekua utumishi wake wakitafuta kosa, wasilione. Sisi huruka upesi tukawafikie simba, tukasahau miaka ya hesabu safi iliyotangulia. Anayefika mbele ya simba bila miaka hiyo, sijui atasimama kwa nguvu gani.

Wengi wetu hatutatekwa nyara. Shida yetu ni ya kila siku: mwuguzi anayeambiwa na wenzake asiwaharibie, karani wa ardhi anayeletewa bahasha, mwalimu anayeombwa aongeze alama za mtoto wa mkubwa. Tumekwisha kujifunza hata kuitetea dhambi hii kwa methali, kwamba mkono mtupu haulambwi. Na anayekataa hupata adhabu yake kimyakimya: huhamishwa, hunyimwa cheo, au hukalia kiti kilekile hadi anastaafu.

Lakini nani humwadhibu zaidi? Nasema wazi, mara nyingi ni sisi wa nyumbani. Ndugu zake humcheka kwamba amekaa ofisini miaka kumi hata bati jipya hana. Tunapoandaa harambee ya kujenga kanisa, wajumbe wa halmashauri hukisia mgeni rasmi atatoa kiasi gani. Ni mara chache mmoja wao akauliza fedha hizo zilikotoka. Mtumishi mwaminifu, mwenye noti moja mkononi, huketi nyuma akiyatazama hayo yote. Tunamfundisha nini?

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, yupo bila shaka mtu wa namna hiyo katika jumuiya zenu. Pengine mnamjua kwa jina, na mnajua pia kwa nini alipoteza kazi. Mkutanapo juma hili kusali, baada ya Injili ulizeni kama watoto wake wamekwisha kulipiwa ada, na kama nyumbani kwake kuna unga.