Kiharusi: ubongo haufi wote mara moja

Mtu analala mzima, anaamka mdomo umepinda, mkono umelegea, na hapa Kasongo kama kule Kabambare wengi watasema amerogwa. Mara nyingi ni AVC: donge la damu limeziba mshipa wa ubongo.

Ubongo hauna akiba. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Damu ikikatika, seli za katikati zinakufa kwa dakika chache, na zinaumiza jirani zao: zinamwaga glutamati, hiyo inafungua milango ya seli zingine, kalsiamu inaingia kwa wingi na kuziharibu. Baadaye ubongo unavimba. Lakini seli za pembeni, zinazopata bado damu kidogo, zinaweza kungoja saa kadhaa. Ndizo tunazozipoteza tukikaa kumchanja mgonjwa hadi asubuhi, na barabara zetu tunazijua.

Msimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Aspirini pia hapana: pengine mshipa umepasuka, haukuziba, na kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha. Andikeni saa dalili zilipoanza, muganga wa hospitali ataiuliza.