Msiling'oe Dishi Bado

Yamekuwa mengi maneno ya barazani siku hizi kwamba dishi limekwisha zama zake. Nyumba inayotaka kuonekana imekwenda na wakati huling'oa dishi juu ya bati, humpa king'amuzi fundi au jirani, kisha hujiunga na kampuni moja au mbili za nje zinazotiririsha filamu na tamthilia kwa njia ya intaneti. Wanaolisifu jambo hili si watoto. Miongoni mwao wamo watu wa kalamu ninaowaheshimu, na mmoja wao, tena mshairi mwenye jina, aliniambia mbele ya kahawa kuwa mtu mzima anayesubiri saa tatu ya usiku ifike ili aonyeshwe kitu alichochaguliwa na mwengine, huyo bado hajatoka utumwani. Nilimwamini. Nikaling'oa langu. Haya niandikayo ndiyo majibu yake, na kama yamechelewa miezi saba ni kwa kuwa kwanza ilinibidi nijue nimepoteza nini.

Sitaanza kwa kulitakasa dishi. Dishi lina mdai asiyejua huruma: siku thelathini zikitimia picha hukatika, hata kama fainali imebakisha dakika kumi. Mvua ya masika ikishika kasi, unabaki na maandishi kwenye kioo yanayokwambia kuwa mawimbi hayapatikani. Wala hatujasahau Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam na baadaye kwengineko, tukaambiwa kuwa asiye na king'amuzi hana televisheni. Wala hatujasahau Agosti 2018, chaneli za nyumbani zilizokuwa za bure zilipoondolewa katika ving'amuzi vya kulipia, mtu akawa na king'amuzi cha fedha nyingi na taarifa ya khabari ya ITV asiipate. Anayetaka kulitukana dishi nitamsaidia maneno.

Swali langu ni jengine kabisa: sauti inapoingia sebuleni, inamsemeza nani?

Nyumba yangu ipo Ng'ambo. Tunaishi humo watu saba, na mkubwa wetu ni mama yangu, aliyekwishavuka miaka themanini. Mama alisoma chuoni. Msahafu ameukhitimu mara nisizoweza kuzihesabu, na barua za marehemu baba, zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hadi leo huzitoa sandukuni akazisoma. Herufi za Kirumi hakupata kufundishwa. Wanawake wa namna hiyo wako wengi katika rika lake, visiwani na mwambao wote kutoka Lamu hadi Kilwa, nasi tumezoea kuwaita wasiojua kusoma, jambo ambalo ni uongo na pia ni utovu wa adabu.

Kwa miaka kadhaa mama alikuwa na ada yake. Akishasali isha huketi kwenye kiti chake akafuata tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Kila waziri mnafiki wa kasri ile alimjua kwa jina na kwa uovu wake, na aligombana naye kwa sauti ya kusikika njiani. Asubuhi jirani akija kuazima mbuzi ya kukunia nazi, salamu hazijamalizika, wameshaanza kuhukumu kesi ya jana usiku. Mimi nilijifanya siyasikii, kama inavyompasa mtu anayejiona anafasiri mambo makubwa.

Mpwa wangu ndiye aliyetuunganishia huduma mpya. Aliketi karibu na mama akamfundisha rimoti: "Bibi, sasa humsubiri mtu. Chagua utakacho, saa utakayo." Picha ilikuwa safi, sikatai, na filamu zilikuwa nyingi hata mtu akachoka kabla ya kuchagua. Nikafungua orodha ya lugha kutafuta sauti ya Kiswahili. Nilikuta Kireno, Kijerumani, Kipolandi, Kihindi, na Kituruki chenyewe. Kiswahili hakikuwamo. Tulichokirimiwa ni maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mama alivumilia siku tatu. Ya nne akaniuliza, polepole, kama mtu anayechelea kuonekana hana shukurani: "Mwanangu, hawa wa siku hizi mbona hawasemi?"

Nilikaa pembeni yake nikawa namfasiria. Kazi hii naifanya kwa miaka thelathini, bila ya cheti, tangu nilipoiacha skuli nikabaki na kamusi moja iliyochanika na redio ya baba. Lakini kumfasiria mtu tamthilia ya saa nzima, papo kwa papo, kwa mdomo, ni adhabu. Usiku wa tatu sauti ilikauka. Mama akaniambia nisijisumbue. Tangu hapo akawa anasali isha na kwenda kulala.

Nimejiuliza sana kwa nini iwe hivyo, kwani sidhani kama wenye kampuni hizi wanamchukia mama yangu. Hawamjui. Na kutomjua kwao kumo ndani ya mtambo wenyewe. Mrushaji matangazo anayetuma picha kutoka kwenye setelaiti, kilomita 36,000 juu ya ikweta, hawezi kumchagua mtu mmoja ndani ya nyumba akamwacha mwengine. Picha ile ile huangukia bati la tajiri na la mchukuzi, na humo ndani huwafikia wote waliokaa. Akitaka televisheni isizimwe, na ada iendelee kulipwa, basi bibi aelewe, anayepika aelewe, mtoto ambaye hajaanza skuli aelewe. Hesabu hiyo ya duka, wala si mapenzi ya lugha, ndiyo iliyotuletea Kiswahili sebuleni. Mwaka 2011, TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina kwa jina la Doudou na Mama Wakwe Zake, watu walianza kwa kucheka kuwasikia Wachina wakigombana kwa Kiswahili. Haukupita muda wakaacha kucheka wakaanza kumwonea huruma yule mke wa mtu. Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China aliitaja tamthilia hiyo katika hotuba yake Dar es Salaam. Baadaye Azam TV ikatuletea Waturuki wanaozungumza Kiswahili, na mama yangu akapata watu wa kugombana nao.

Kampuni ya kutiririsha haiuzii nyumba. Humuuzia mtu mmoja, mwenye simu mkononi na kadi ya benki. Mtu huyo, katika nchi yetu, aghalabu amepita skuli na Kiingereza anacho cha kumtosha. Kwa nini basi kampuni igharimie Kiswahili, hali mlipaji wake anaelewa? Waliobaki sebuleni si wateja. Hapo ndipo uhuru wa kuchagua anaouimba rafiki yangu mshairi unapoishia: ni uhuru wake yeye, na umelipiwa kwa ukimya wa mamaye.

Na hapa nawageukia wenzangu wa utungo, kwani sehemu ya lawama ni yetu. Tamthilia zilizoingizwa sauti tumezicheka. Tumesema Kiswahili chake ni cha mbao, na mara nyengine ni kweli: nimesikia sultani akitoa amri ya kuua mtu kwa sauti ya karani anayesoma orodha ya mahudhurio. Lakini ni nani aliyestahiki kuifanya kazi hiyo ikiwa si sisi? Anayeingiza sauti lazima maneno yake yaanze mdomo unapofunguka na yakome unapofumba. Hiyo ni mizani, na sisi tunaosema tumelelewa na mizani kumi na sita, nane kwa nane, tungeiona kazi hiyo kuwa jamaa yake shairi. Mturuki anapomwambia mpenziwe "seni seviyorum" ametumia mizani sita. "Ninakupenda" ni tano, na mdomo utabaki wazi mbele ya kioo. "Nakupenda mno" ni sita, na limekaa. Fundi asiyejua shairi atalipata neno hilo kwa bahati. Mshairi hulipata kwa sikio. Lakini mshairi hakwenda kuiomba kazi, alikuwa barazani akiisema.

Kila Julai 7, tangu UNESCO ilipoitangaza siku hiyo mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa kanzu zilizopigwa pasi tukasikiliza hotuba kwamba lugha yetu imekuwa ya dunia. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliifanya lugha ya kazi. Ni mambo ya furaha, nami nimepiga makofi kama wengine. Lakini BAKIZA na BAKITA wangelitaka kujua hali ya Kiswahili ilivyo, wasingehitaji kwenda Addis Ababa. Wangeingia sebule yoyote iliyong'oa dishi, saa tatu ya usiku, wakasikiliza.

Kuna na jambo la fedha, nalo nitalipitia mbio. Mbali na ada ya kampuni, kila anayetazama anavuta mtiririko wake mwenyewe, na saa moja ya picha safi hula hadi gigabaiti 3. Kwenye dishi, watu saba wakitazama pamoja, au saba mia mtaani, mawimbi ni yale yale na hayapungui. Kwenye intaneti ya simu, watu saba vyumba saba ni bando saba. Nyumba ya mfanyakazi wa kawaida haiwezi, kwa hiyo bando hununuliwa moja, la kijana mwenye simu nzuri, naye huingia nalo chumbani akafunga mlango.

Kisha tukumbuke kuwa sisi ni watu wa kisiwa, na vitu vyetu hutufikia kwa kamba. Mei 12, 2024, mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipokatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi nzima ilibaki ikitazama kiduara kinachozunguka. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, hakuna mkongo uliokatika. Intaneti ilizimwa, na tukakaa siku kadhaa bila nayo. Picha za setelaiti hazipiti njia hiyo. Najua nitaambiwa kuwa umeme nao huja kwa kamba, na kwamba bila ya umeme dishi ni sinia tu. Ni kweli. Tuliishi bila ya umeme Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, takriban miezi mitatu, waya wa baharini kutoka bara ulipokufa. Lakini katika miezi hiyo hiyo Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Angola. Mtaani kwetu tulichangishana fedha za petroli, tukaliwasha jenereta la mwenye duka, televisheni ikawekwa dirishani ikitazama nje, na Misri ilipoifunga Ghana katika fainali, Januari 31, 2010, nadhani tulikuwa watu wasiopungua mia kwenye uchochoro ule. Jenereta moja, dishi moja, kioo kimoja. Leo ningewachangisha kwa ajili ya simu ya nani?

Wako watakaonikumbusha dada yangu. Yuko Maskati miaka ishirini na tano, na kwa njia hii hii ya intaneti ndipo anapoitazama taarab ya nyumbani na kulia peke yake jikoni. Watanikumbusha pia kwamba filamu ya Vuta N'Kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, kazi ya Kiswahili iliyopigwa picha hapa hapa, haina majumba ya sinema ya kuingilia, maana yetu tuliyaacha yakafa. Nakubali yote mawili. Kwa dada yangu intaneti imeleta Kiswahili mahali ambapo hakikuwapo. Kwa mama yangu imekiondoa mahali kilipokuwapo. Anayeniomba nishangilie la kwanza na aseme kitu juu ya la pili.

Simkatazi mtu kujiunga. Mimi mwenyewe sikuifuta huduma ile; mpwa wangu anaitumia, na usiku usingizi ukinipaa huitumia pia. Ninachotaka ni kwamba anayelipa adai. Kampuni zinazopata sauti za Kipolandi zinaweza kupata za Kiswahili, kwani wazungumzaji wetu hawahesabiki kwa vidole. Lakini hazitafanya hivyo madhali tunalipa na kunyamaza, tukiona aibu kuomba tafsiri kana kwamba kuomba ni kukiri ujinga. Waandikieni. Waandikieni kwa Kiswahili. Na siku watakapokuja kutafuta wafasiri, wasitukute tena barazani.

Fundi alilirejesha dishi Jumamosi iliyopita. Alikuwa juu ya bati akilizungusha kidogo kidogo, na mama alisimama uani, mtandio kichwani, akimwelekeza kwa mkono: "Upande wa msikitini, baba, upande wa msikitini!" Usiku, baada ya isha, aliketi kwenye kiti chake. Tamthilia ilikuwa imesonga mbele miezi saba na yule waziri mnafiki alikuwa ameshauawa zamani. Alimtuma mtoto akamwite jirani wa mlango wa pili, aje amhadithie ni nani aliyemuua.